Dirisha la Mnara wa Mtongwe

Niliondoka Mtongwe kwenda Changamwe kwa sababu ya mnara ambao ulikuwa bado haujasimama. Wapimaji wa ardhi walikuja mtaani petu, upande huu wa Likoni, wakaomba kusimamisha mnara wa chuma katika kiwanja cha wakfu kilicho nyuma ya msikiti. Juu yake wangefunga kamera ya kupiga picha ukingo wa bahari, pale ambapo udongo ulimeguka katika masika yaliyopita. Kamera ingepiga kila siku kutoka mahali pale pale, kisha picha zingelinganishwa, ijulikane ni wapi ardhi inatembea na ni nani anayepaswa kuhama kabla haijamchukua.

Jambo lenyewe lilikuwa jema. Lakini nyumba za ukingoni zina nyua kwa nyuma, na katika nyua hizo ndimo wanawake wetu wanamopika, wanamofua na kusukana, vichwa wazi. Mnara unaopita minazi kwa urefu ungeangalia ndani ya kila ua. Sisi wazee wa msikiti tulikaa barazani baada ya swala ya alasiri, tukalisema jambo hili kwa uchungu mwingi. Nyumba iliyotajwa zaidi ilikuwa ya Bi Zuhura, mjane anayeuza mahamri na mbaazi, kwa kuwa ua wake ndio wa mwisho kabisa na jiko lake limepakana na pale udongo ulipokatika. Tukakubaliana kwamba stara ya Bi Zuhura na wenzake haiuzwi kwa picha. Mimi, kwa kuwa nilisomesha madrasa miaka mingi na watu hunisikiliza, nikapewa amana ya kwenda kwenye karakana ambamo mnara ulikuwa ukiundwa. Nilipaswa kumwambia mhandisi maneno mawili tu: ama azibe macho ya mnara wake, ama kiwanja hapati.

Nakiri hapa mwanzoni kwamba niliifurahia safari ile. Mtu akishastaafu na kuzeeka hutumwa kwa nadra.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kwa Bi Zuhura, kama nipitavyo siku zote, kununua mahamri. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, buibui limemfunika vizuri, moshi wa jikoni ukimfuata kwa nyuma. Binti yake Rukia alikuwa ndani akikaanga. Bi Zuhura aliniona na kanzu mpya na mkoba, akaniuliza ninakwenda wapi mapema vile.

Nikamwambia ni safari ya kheri, tena inayomhusu yeye.

"Inayonihusu mimi, Maalim?" akacheka. "Basi hamri moja ni zawadi. Msafiri wangu asiende na njaa."

Nilipokea, nikamshukuru, nikamwombea baraka katika riziki yake. Sikumweleza. Niliona ni jambo la aibu kusemwa njiani na mwanamke, na zaidi ya hapo, niliona limeshasemwa na waliostahili kulisema.

Kivukoni nilikuta msongamano wa kawaida. Feri ilipong'oa nanga nilikuwa nimesimama katikati ya watu, nimeshika tasbihi, sioni pande zote mbili. Nilijua tumeondoka pale tu mlango wa feri ulipogonga upande wa pili na watu wakaanza kusukumana. Nalitaja hili kwa sababu nililirudia akilini baadaye, na bado nalirudia.

Changamwe nilifika jua limepanda. Karakana iko ndani ya barabara ya vumbi, si mbali na Port Reitz, na ndege zinazotua hupita juu yake chini kiasi kwamba mafundi hunyamaza katikati ya neno, kisha wakaendelea na neno lile lile. Nilitarajia mabishano. Badala yake nilipokewa na kijana mrefu mwenye kofia ngumu ya kazi, akaivua, akainama.

"Shikamoo, Maalim. Tuliambiwa unakuja."

Huyo ndiye mhandisi, Wafula, mtu wa Bungoma, Mkristo, aliyekwisha kukaa pwani kiasi cha kujua kusalimia. Aliniletea kiti na maji ya baridi. Adhuhuri ilipoingia, kabla sijauliza, aliamuru mashine zizimwe, akamwita fundi wake wa kuchomelea, Kombo, Mdigo wa kwetu Likoni, anionyeshe mahali palipofagiwa. Niliswali katika ukimya ambao naamini karakana ile haikuwahi kuupata saa kama ile. Nilipotoa salamu niliwaona mafundi wamekaa juu ya vyuma wakinisubiri, vinywa kimya, na hakuna aliyeonyesha kuchoka.

Mnara wenyewe ulikuwa umeungwa nusu, umesimama uani. Nilidhani nitaona mnara mmoja, nikaona miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje una miguu minne na ngazi, ndio wa watu kupandia na kusimama. Wa ndani una miguu mitatu, mwembamba, na kileleni pana sahani ya chuma ya kufungia kamera. Wafula alinieleza kwamba minara hiyo miwili haigusani popote, si kwa bolti wala kwa waya. Mtu akipanda, hata upepo ukivuma, wa nje hutikisika, lakini wa ndani hubaki kimya. Kamera ikitikisika kidogo tu, picha ya leo hailingani na ya jana, na kazi yote ni bure.

Alipoona nasitasita kuamini, akamwagiza Kombo alete kahawa. Akakijaza kikombe hadi mdomoni, akakipandisha mwenyewe na kukiweka juu ya ile sahani ya chuma, kisha akanipandisha mimi taratibu kwa ngazi hadi jukwaani. Kombo na wenzake wakapanda upande mwingine, wakaanza kurukaruka kama watoto wa shule. Jukwaa likatikisika hadi nikashika bomba kwa mikono miwili. Kahawa haikufanya hata kiwimbi.

"Sasa kunywa, Maalim," akasema Kombo, akihema. "Kahawa hii imeogopwa na tetemeko."

Nilicheka, nikainywa. Kisha, nikiwa bado na kikombe chake mkononi, nikamwambia Wafula nililotumwa.

Hakukasirika. Aliuliza tu nataka kuzibwa nini hasa. Nikamwambia nyua. Akakaa juu ya boriti, akaeleza kwa utulivu kwamba mabati yanaweza kufungwa kwenye mnara wa nje, dirisha likaachwa mbele ya kamera, na dirisha hilo likakatwa lionyeshe mteremko bila kuonyesha nyua. Ingembidi kuongeza vyuma vya kukaza, kwa kuwa bati hushika upepo kama tanga, lakini yawezekana. Tatizo lilikuwa jingine.

"Ardhi ikianza kuondoka, huanzia juu, Maalim. Huenda ikaanzia ndani ya ua wenyewe."

Nikamjibu kwamba wenye ua wana macho, wakiona ufa watasema.

"Hawataona ufa," akasema. "Ua wote husogea kwa pamoja, na jiko lake, na mtu wake ndani. Ni kama feri. Ukiwa katikati huijui imeondoka, mpaka utazame nchi kavu. Mimi nataka kuwa nchi kavu yao."

Maneno yale yalikuwa mazuri na niliyaelewa. Ningetaka kusema sikuyaelewa, lakini niliyaelewa. Nilimwambia kiwanja ni cha wakfu, na masharti ya wazee ni hayo. Alitazama mbinguni, kule mawingu ya kwanza ya masika yalipoanza kukusanyika, nikajua anahesabu muda. Bila kiwanja chetu hakuna mahali pengine pa kuonea ukingo ule. Akaniomba nimpe hadi kesho.

Mikindani, si mbali na karakana, nililala kwa dada yangu Mwanaisha, aliyeolewa huko tangu ujana. Alinipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akanikalisha, akataka kujua habari zote za safari. Nilimsimulia kwa urefu, na huenda nilijisifu kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akipepea mkaa.

"Na Zuhura mwenyewe asemaje?"

Nikamwambia mambo ya namna ile hayapelekwi kwa wanawake, yanawatia haya.

"Kaka, nyinyi mna kazi," akasema. "Mmekaa wanaume barazani mkazieleza nywele za Zuhura tangu alasiri hadi magharibi. Basi mnara wa nini tena? Mmeshamwona wote."

Mume wake alikohoa kwa kicheko, akajifanya ni mwiba. Mimi nilimkemea dada yangu kwa upole, nikamkumbusha adabu. Akaniongeza samaki. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa dada mkarimu, nikaswali na kulala usingizi mzuri.

Asubuhi ya pili Wafula alikubali. Alisema anakubali kwa sababu mnara wenye dirisha dogo ni bora kuliko kutokuwa na mnara. Aliyasema haya mbele ya mafundi wake, bila kuninyooshea kidole, kisha akanipa mkono.

Dongo Kundu tulipita siku chache baadaye, mimi na Kombo na dereva, mbele ndani ya lori lililobeba vyuma. Wafula alinialika niandamane na mnara kwa heshima, naye akafuata nyuma na gari lake. Ni barabara nzuri, inazunguka mbali na kivuko, ina madaraja marefu juu ya mikoko, na siku ile maji yalikuwa yamejaa chini yetu. Kombo alikuwa akitania njia nzima. Alisema vyuma vile ni vizito kuliko dhambi zake, na kama lori litashindwa kupanda kilima itabidi mmoja wetu atubu. Dereva akasema basi aanze mwenyewe maana orodha yake ni ndefu. Nilicheka nao. Tulipoingia Likoni watu walitusimamisha kusalimia, na wazee wenzangu walikuwa wametoka barazani. Nilishuka kwenye lori lile kama mtu aliyetoka kuhiji.

Mtongwe mnara ulisimama haraka. Kreni iliinua vipande, Kombo na wenzake wakakaza bolti, na mnara ukapanda juu ya minazi, mweupe, wote mbavu. Mabati yalifungwa mwisho. Kisha Wafula akaniita nipande, niamue mwenyewe dirisha likatwe wapi.

Hapa ndipo pagumu kwangu kuandika. Ili nijue mahali pa kuziba, ilinibidi nitazame. Nilisimama jukwaani, Kombo ameshika chaki upande wa pili wa bati, nami nikaangalia kwa juu ya bati, ukingo wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliona nguo za majirani kwenye kamba. Niliona msichana anasuuza masufuria. Nilimwona Bi Zuhura amesimama mlangoni mwa jiko lake, kichwa wazi, mvi zake zimesukwa mistari miwili, anachota unga. Niliteremsha macho, lakini nilikuwa nimeshamwona. Nimeambiwa na Wafula kwamba kabla yangu hakuna fundi aliyegeuzwa upande ule; aliwapanga wafanye kazi migongo ikitazama nyumba, kwa kuwa alijua nilichokuja kumwambia. Mwanamume wa kwanza kuzitazama nyua za Mtongwe kutoka kwenye mnara ule nilikuwa mimi.

Nilimwonyesha Kombo kwa mkono. Teremsha. Teremsha tena. Kidogo tena.

"Maalim," akasema Wafula nyuma yangu, "tukikata hapo, tutaona mteremko kuanzia chini ya jiko la yule mama. Jiko lenyewe hatutaliona."

"Ndilo ninalolitaka," nikamwambia.

Kombo akapiga mstari wa chaki. Sikuuliza ni wangapi wataziona picha zile, wala zinapigwa saa ngapi. Sikuuliza lolote. Wazee walifurahi, na Ijumaa ile imamu aliniombea dua mbele ya jamaa.

Masika yalipoingia, Wafula alikuwa akinipigia simu mara kwa mara. Alisema picha zinaonyesha mteremko umetulia, mpaka pale dirisha linapoishia. Kila mara aliyaongeza maneno hayo ya mwisho, na kila mara mimi nilisema alhamdulillahi na kumtakia siku njema.

Asubuhi moja, mvua imekatika, watu wameshachukua mahamri yao, jiko la Bi Zuhura liliondoka. Nilisikia kishindo nikiwa nyumbani na mke wangu, nikadhani ni kontena limeanguka ng'ambo bandarini. Nilipofika, ukuta wa nyuma haukuwapo. Jiko, na majiko ya mkaa, na karai la mafuta, na kinu alichoachiwa na mama yake, vyote vilikuwa chini katika tope jekundu, na mnazi mmoja umelala juu yake. Rukia alikuwa ametolewa. Alikuwa amekaa chini, mkono wake umevunjika, amejaa udongo hadi machoni, hawezi hata kulia. Vijana walisema alikuwa ameinama kuzima moto, na lau angekuwa amesimama upande wa kinu tungemchimbua maiti.

Niliinua macho nikauona mnara. Ulikuwa umesimama pale pale, imara, haukutikisika, na bati langu likimetameta baada ya mvua.

Siku ya pili nilikwenda kumpa pole Bi Zuhura, aliyekuwa amehifadhiwa kwa jirani. Nilikuwa nimemchukulia unga na mafuta. Alinipokea vizuri, akaanza kumshukuru Mungu kwa uhai wa mwanawe, akaniombea na mimi. Sikuweza kuistahimili dua ile. Nikamwambia yote: baraza, safari, kahawa, chaki. Nikamwambia kwamba ile safari ya kheri aliyonipa hamri kwa ajili yake ndiyo iliyolificha jiko lake.

Alikuwa akikunja ukingo wa kanga yake na kuukunjua.

"Mngeniuliza," akasema mwishowe. "Mimi ningepika na buibui langu mwaka mzima, Maalim. Ningepika nimejifunika gunia. Lakini nijue jiko langu linakwenda."

Nilisomesha watoto wa mtaa huu umuhimu wa kushauriana, nikawachapa waliosahau, na mwanamke aliyekuwa na la kusema alikuwa ameniuzia mahamri kila asubuhi.

Nilimwambia nitarudi Changamwe kumwomba mhandisi atoe bati.

"Twende sote," akasema. "Safari hii nitasema mwenyewe."

Kivukoni mara hii nilikuwa na Bi Zuhura, pamoja na mpwa wake wa kike aliyemsindikiza. Alitafuta nafasi pembeni, akasimama akiutazama upande wa Likoni ukirudi nyuma polepole, maji yakipanuka kati yetu na ngazi za kivuko. Nilikuwa nimemsimulia mfano wa Wafula. Alivuka maji yote bila kugeuza uso. Mimi nilisimama nyuma yake na nilitamani feri isifike.

Karakana ilitupokea kama mara ya kwanza, viti viwili mara hii, na chai. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, na nadhani lawama ingenipumzisha. Wafula hakunilaumu. Alimwuliza Bi Zuhura hali ya Rukia, akauliza mara mbili, kisha akatazama chini akasema na yeye angeweza kukataa, ila aliogopa kukosa mnara kabisa. Kombo, ambaye hajawahi kunyamaza mbele yangu, alikaa mlangoni akichezea nati mkononi. Nilitamani atanie.

Bi Zuhura alimaliza chai yake. Kisha akauliza, kwa utaratibu kabisa, picha hizo zinapigwa saa ngapi.

Wafula akasema asubuhi na jioni, lakini saa si muhimu, muhimu ni iwe ile ile kila siku na pawe na mwanga.

"Basi piga saa nane mchana," akasema Bi Zuhura. "Mara moja yatosha?"

"Yatosha, mama."

"Saa nane hakuna anayepika wala anayefua. Tumeshakula, tumeswali, tumelala. Nyua zote tupu, hata kuku wamejificha jua. Na nyinyi tundikeni kitambaa chekundu juu ya mnara kabla ya kupiga, mwenye shughuli uani aingie ndani mpaka kishuke. Nitawaambia wenzangu."

Ikawa imekwisha. Jambo ambalo wazee wote wa baraza tulilihangaikia, tukalisafiria, tukalikatia chuma, lilimalizika kabla chai yangu haijapoa. Stara ingekuwapo na jiko lingeonekana. Hapakuwa hata siku moja na haja ya kuchagua kati ya viwili hivyo, na kila mwanamke wa Mtongwe alijua hivyo, kwa kuwa kila mwanamke wa Mtongwe anajua ua wake uko tupu saa ngapi. Wafula aliandika saa nane ubaoni kwa chaki. Nikaitambua chaki ile nikainamisha kichwa.

Mikindani tulipita wakati wa kurudi, maana Mwanaisha alisikia yaliyotokea na alitaka kumwona Bi Zuhura. Nilingoja maneno yake. Hakunitania. Alimkumbatia mgeni wake, akamkalisha, na mimi akanitengea chakula upande, akaniwekea kipande kikubwa cha samaki kama mara ile. Huruma ya dada yangu ilinichoma kuliko ulimi wake.

Mtongwe, mabati yalishushwa siku ambayo mvua ilipumzika. Wanawake wa ukingoni walikuwa wameshakubaliana wenyewe, nyumba kwa nyumba, bila baraza. Mimi niliwaeleza wazee wenzangu msikitini nilivyokosea, nikawaomba wasimlaumu imamu kwa dua aliyoniombea. Wengine walisema najitesa, Mungu ndiye aliyepanga. Ni kweli amepanga, nami namshukuru kwamba Rukia yu hai na mkono wake unaunga. Lakini sikutaka kumtwisha Mungu mstari nilioonyesha kwa mkono wangu.

Haukupita muda, picha za saa nane zikaonyesha ua wa nyumba iliyofuata baada ya ya Bi Zuhura unasogea kuelekea baharini, wote kwa pamoja, bila ufa. Wenyewe hawakuwa wamehisi lolote. Walihama na vitanda vyao, na masufuria yao, na milango yao waliyoing'oa, na ukingo ulipoondoka ulichukua udongo mtupu. Vijana wa msikiti walimjengea Bi Zuhura jiko upande wa barabarani, mbali na ukingo. Nilibeba matofali pamoja nao hadi waliponizuia kwa ajili ya umri wangu.

Siku moja, kabla ya saa nane, Wafula akiwa amekuja kukagua bolti, Bi Zuhura alikuja kiwanjani akasema anataka kupanda. Kombo akasema ngazi ni ya wima, mama. Akamjibu kwamba yeye amepanda minazi kabla Kombo hajazaliwa. Wafula aliwaondoa mafundi wote wakae upande wa msikiti, migongo ikielekea mnara, kisha akaondoka na yeye. Mimi nilikuwa naondoka nao.

"Maalim, wewe baki," akasema Bi Zuhura. "Nishikie viatu."

Nikabaki, nimeshika ndala zake mbili, nimeinamisha uso, nikisikia miguu yake kwenye vyuma ikipanda, ikipumzika, ikipanda tena. Mnara wa nje ulikuwa ukitikisika. Wa ndani, mbele ya macho yangu, ulikuwa umetulia. Kisha miguu ikasimama, na nikajua ametazama pale palipokuwa jiko lake. Nilimwomba Mungu anisamehe, na nilimwomba bila maneno mazuri.

Mwishowe sauti yake ikashuka kutoka juu.

"Maalim."

"Labeka, Bi Zuhura."

"Hapa naona nyua zote. Wa mkeo pia nauona. Mwambie aanue nguo, zimekauka, na mvua inakuja."

Nikamwambia nitamwambia. Sikuinua kichwa. Nilibaki nimeshika ndala zake mpaka aliposhuka, nikaziweka chini, zikielekea upande wa miguu yake.